Mifumo ya kompyuta inayobadilishwa bila kuzimwa

MNAMO Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua rasmi nafasi ya Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali (NHIF), iliyokuwa imehudumia Wakenya tangu 1966. Asubuhi hiyo wagonjwa wa Ndalu, Naitiri na Kiminini hawakusubiri mafundi wa kompyuta wamalize kazi ndipo waugue. Hospitali za Kitale, Webuye na Bungoma zilipaswa kuwapokea kama ilivyo ada. Karani aliyeketi mbele ya kompyuta alitakiwa kuwaandikisha chini ya bima mpya, ilhali kumbukumbu zao za miaka mingi zilikuwa zimewekwa chini ya bima ya zamani.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo limewashughulisha wataalamu wa kompyuta kwa miongo mingi. Mfumo unaotegemewa na watu usiku na mchana utabadilishwaje bila ya kuzimwa, na bila ya kupoteza kumbukumbu za jana?

Mkazi wa Ndalu, katika eneobunge la Tongaren, Kaunti ya Bungoma, huenda asiwe na haja ya kujua jinsi programu zinavyoandikwa. Hata hivyo, matibabu yake, fedha anazotumiwa na jamaa zake kwa simu na hata ujumbe unaomjulisha kuhusu mbolea ya ruzuku, vyote hupitia mifumo ya aina hii. Aidha, mojawapo ya mifano bora zaidi duniani ya kazi hiyo haikuzaliwa mbali na kwake. Ilichipuka Eldoret.

MAANA YAKE

Programu nyingi hujengwa kama nyumba ya mawe. Ukitaka kupanua mlango, sharti wenyeji watoke nje, ukuta ubomolewe, kisha wasubiri saruji ikauke. Kwa duka dogo linalofungwa saa moja jioni, hilo si tatizo, kwani fundi atafanya kazi yake usiku.

Kuna mifumo mingine inayofanana na soko. Wauzaji hubadilika, vibanda huhamishwa na bei hupanda na kushuka, lakini soko lenyewe halifungwi. Mfumo wa kompyuta wa namna hiyo umeundwa tangu mwanzo kwa kuelewa kwamba mambo yatabadilika, na kwamba watakaokuwa wakiutumia wakati wa mabadiliko hawatakuwa na nafasi ya kuondoka.

Mabadiliko hayo yanaweza kufanyika katika ngazi nne. Ya kwanza ni kubadilisha data pekee, bila kugusa programu. Ya pili ni kuongeza au kuondoa kipande cha programu, ambacho wataalamu hukiita moduli. Ya tatu ni kubadilisha maagizo ya programu yenyewe huku ikiendelea kutekelezwa. Ya nne ni kuwa na mitambo miwili, mpya na wa zamani, na kuwahamisha watumiaji kutoka mmoja hadi mwingine. Kila ngazi ina faida yake na gharama yake.

CHIMBUKO LA MFUMO WA ELDORET

Mnamo 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, katika eneo la Nandi, kilianza kutumia mfumo wa kompyuta wa kuweka kumbukumbu za wagonjwa. Ulikuwa miongoni mwa mifumo ya kwanza ya aina hiyo katika vituo vya mashambani barani Afrika, kusini mwa Sahara. Ulitokana na ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, na ulitumia programu ya kawaida ya ofisini, Microsoft Access.

Mwaka huo huo wa 2001, vyuo hivyo pamoja na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret, vilianzisha mradi wa AMPATH wa kukabiliana na Ukimwi. Mfumo wa Mosoriot ulirekebishwa ili utumike katika mradi huo. Wagonjwa waliongezeka kwa kasi na kliniki zikasambaa magharibi mwa Kenya, zikiwemo za Webuye, Kitale na Naitiri, jirani na Ndalu. Muda si muda ikadhihirika kuwa mfumo ule usingeweza kustahimili.

Tatizo halikuwa wingi wa wagonjwa tu. Lilikuwa pia katika umbo la mfumo. Katika hifadhidata ya kawaida, kila jambo linaloulizwa huwa na safuwima yake katika jedwali: jina, umri, uzani, dawa. Daktari akitaka kuuliza jambo jipya, sharti mtaalamu aongeze safuwima, abadilishe fomu inayoonekana kwenye kompyuta, kisha arekebishe ripoti zote. Katika ugonjwa ambao elimu yake ilikuwa ikibadilika mwaka baada ya mwaka, kazi hiyo haikuwa na mwisho.

Mnamo 2004, madaktari wawili waliobobea katika masuala ya kompyuta, Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief mjini Indianapolis, walifika Eldoret kutafuta suluhisho. Badala ya kutia viraka katika mfumo wa zamani, walianza kubuni mwingine. Huo ndio ulioitwa OpenMRS. Shirika la Partners In Health na Baraza la Utafiti wa Matibabu la Afrika Kusini yaliingia katika ushirikiano huo. Mfumo ulianza kutumika Eldoret mnamo 2006, kisha Rwanda na Afrika Kusini mwaka huo huo, na tangu hapo umeenea katika nchi nyingi. KenyaEMR, mfumo unaotumiwa na vituo vingi vya afya vya serikali nchini, umejengwa juu ya OpenMRS.

KAMUSI BADALA YA SAFUWIMA

Kiini cha OpenMRS ni kile kinachoweza kuitwa kamusi ya dhana. Humo kila swali na kila jibu la kitabibu limesajiliwa kama neno katika kamusi: uzani, kikohozi, ujauzito, jina la dawa fulani. Kila dhana hupewa maelezo yake. Je, jibu lake ni nambari, tarehe, maandishi, au ni mojawapo ya majibu yaliyotajwa? Dhana moja inaweza kuwa na majina katika lugha mbalimbali.

Mgonjwa anapopimwa, mfumo haujazi safuwima iliyoandikwa “uzani”. Huandika mstari mmoja unaosema kuwa mtu fulani, siku fulani, kuhusu dhana fulani, alipatikana na thamani fulani. Jedwali hilo moja linaweza kupokea habari za ugonjwa ambao haukujulikana siku mfumo ulipoundwa.

Manufaa yake ni makubwa. Dawa mpya ikiidhinishwa, mtu aliyepewa mamlaka huiongeza katika kamusi, akaitia katika fomu, na kazi ikaendelea. Hakuna safuwima iliyoongezwa, hakuna programu iliyoandikwa upya, na wala hakuna aliyezima kompyuta. Kilichokuwa kazi ya mwanaprogramu kimekuwa kazi ya muuguzi au daktari anayeielewa kamusi ile.

Umuhimu wa jambo hilo unaonekana ukitazama jinsi masharti ya matibabu ya Ukimwi yalivyobadilika. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza mnamo 2010 kwamba mgonjwa aanzishiwe dawa pindi chembechembe zake za kinga, CD4, zinapofika 350 au kupungua. Hapo awali kiwango kilikuwa 200. Mnamo 2013 kiwango kikapandishwa hadi 500. Mnamo 2015 kiwango kiliondolewa kabisa, ikasemwa kila mwenye virusi aanze matibabu, na Kenya ikaufuata mwongozo huo mnamo 2016. Dawa ya stavudine, iliyokuwa ikitumiwa na wengi, iliondolewa kwa sababu ya madhara yake.

Kisha ikaja dolutegravir. Mnamo Mei 2018, WHO ilitoa tahadhari kuhusu kuwapa dawa hiyo wanawake wanaoweza kushika mimba, kwa hofu ya kudhuru watoto walio tumboni. Mnamo Julai 2019, baada ya ushahidi zaidi kupatikana, shirika hilo likaipendekeza kwa watu wote, wakiwemo wanawake hao. Kanuni moja iligeuka mara mbili katika muda wa miezi kumi na minne. Laiti kila mgeuko ungehitaji programu kuandikwa upya na kusambazwa katika kliniki zote, wanawake wengi wangepewa ushauri uliopitwa na wakati.

KUSTAAFISHA, SI KUFUTA

Jambo la pili linalostahili kuangaziwa ni jinsi mfumo unavyoyatendea mambo ya kale. Stavudine haitolewi tena, lakini maelfu ya wagonjwa waliimeza. Ikifutwa katika kamusi, faili zao zitabaki na mistari isiyo na maana, na daktari wa leo hatajua ni kwa nini mgonjwa wake ana ganzi miguuni.

Kwa hiyo OpenMRS haifuti dhana bali huistaafisha. Dhana iliyostaafu haionekani tena katika orodha ya kuchagua, lakini kumbukumbu za zamani bado zinasomeka. Vivyo hivyo, karani akikosea katika kuandika matokeo, kosa hubatilishwa na kuwekwa alama ya nani aliyelibatilisha, lini na kwa sababu gani. Halitoweki.

Kanuni hii ina maana pana kuliko hospitali. Hadi 2013 anwani ya mkazi wa Ndalu iliandikwa kwa mkoa na wilaya. Tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka huo, imeandikwa kwa kaunti. Mfumo uliojengwa kwa kudhani mikoa itakuwa minane milele ulivunjika, ilhali ule ulioweka majina ya maeneo kama data ulihitaji orodha mpya tu. Mfano mwingine ni wa 2019, wakati Mamlaka ya Mawasiliano ilipoanza kutoa nambari za simu zinazoanza na 01. Programu yoyote iliyokuwa imeandikiwa sharti kwamba nambari halali huanza na 07 ilikuwa imejiwekea mtego.

VIPANDE VINAVYOCHOPEKWA

Si kila badiliko linaweza kufanywa kwa data. Wakati mwingine mfumo unahitaji uwezo mpya kabisa, kwa mfano kuwasiliana na maabara au kuandaa ripoti ya aina nyingine. Hapa ndipo inapoingia ngazi ya pili, ya moduli.

OpenMRS ina kiini kidogo ambacho hakibadilishwi ovyo, na kandokando yake kuna sehemu za kuchopeka vipande vipya. Msimamizi anaweza kupakia moduli kupitia ukurasa wa usimamizi, akaiwasha, akaizima au kuweka toleo jipya, huku kiini kikibaki kilivyo. Watumiaji huenda wakasubiri kidogo mfumo unapojipanga upya, lakini hauhitaji kusimikwa upya.

Siri ya mpango huu ni mkataba kati ya kiini na moduli. Kiini huahidi kutoa huduma fulani kwa njia fulani, na moduli huahidi kutogusa mambo ya ndani. David Parnas aliieleza kanuni hiyo katika makala yake mashuhuri ya 1972: kila sehemu ya programu ifiche uamuzi unaoelekea kubadilika, ili ubadilikapo sehemu nyingine zisitikisike. Mkataba ukivunjwa, kuchopeka kipande kimoja huangusha vingine kumi.

KUBADILISHA INJINI NDEGE IKIWA ANGANI

Ngazi ya tatu ndiyo ngumu zaidi. Mwaka wa 1986, katika maabara ya kampuni ya Ericsson nchini Uswidi, Joe Armstrong pamoja na Robert Virding na Mike Williams walianza kubuni lugha ya kuandikia programu za mitambo ya simu. Lugha hiyo iliitwa Erlang. Mtambo wa simu hauzimwi, kwani daima kuna mtu anayezungumza. Kwa hiyo walihitaji njia ya kurekebisha programu huku maelfu ya mazungumzo yakiendelea.

Suluhisho lao linaeleweka kwa urahisi. Erlang huruhusu matoleo mawili ya kipande kimoja cha programu kuwepo kwa wakati mmoja, la sasa na la zamani. Mazungumzo yaliyokwisha kuanza huendelea na toleo la zamani hadi yafike mahali palipopangwa pa kuvukia, na mapya huanza na toleo la sasa. Toleo la tatu likiletwa, shughuli yoyote ambayo bado imeng’ang’ania toleo kongwe husitishwa. Zaidi ya hayo, kila shughuli imetengwa na nyingine, hivi kwamba moja ikianguka haziangushi zilizosalia, na kuna msimamizi ambaye kazi yake ni kuiinua tena.

Msomaji anayetuma ujumbe kwa WhatsApp kutoka Ndalu anatumia matunda ya kazi hiyo, kwani seva za huduma hiyo zilijengwa kwa Erlang. Hali kadhalika, tangu 2015 mfumo endeshi wa Linux umekuwa na uwezo wa kutiwa viraka vya usalama bila kompyuta kuzimwa na kuwashwa tena.

Ugumu hauko katika kuingiza maagizo mapya. Uko katika kujua wakati ufaao. Jeff Kramer na Jeff Magee wa Chuo cha Imperial, London, walionyesha mnamo 1990 kwamba sehemu ya mfumo inaweza kubadilishwa kwa usalama ikiwa imefikia hali ya utulivu: haina shughuli iliyoianza bila kuimaliza, na hakuna mwingine anayeingojea ikamilishe jambo. Si lazima mfumo mzima utulie. Ni sehemu ile pekee na wanaoitegemea moja kwa moja. Mfanyabiashara wa nafaka ataielewa hoja hii upesi, kwani mizani haibadilishwi gunia likiwa juu yake.

M-PESA NA MITAMBO MIWILI

Ngazi ya nne ndiyo wananchi wengi wameishuhudia. M-Pesa ilifanyiwa majaribio tangu 2005 kama njia ya kulipa mikopo midogo. Watumiaji wenyewe wakagundua kuwa walichohitaji zaidi ni kutumiana fedha, na huduma iliyozinduliwa na Safaricom Machi 2007 ikabadilishwa kulingana na matumizi hayo.

Kwa miaka minane ya kwanza, mitambo yake ilikuwa nje ya nchi. Mnamo Aprili 2015 huduma ilihamishiwa jukwaa jipya lenye mitambo nchini Kenya. Kuhamisha akaunti za mamilioni ya watu ni kazi isiyovumilia kosa. Shilingi moja isionekane pande zote mbili, wala isipotee njiani.

Hata hivyo, si kila badiliko linaweza kufanywa huduma ikiendelea. Mnamo Septemba 2025, M-Pesa ilisitishwa kwa saa chache usiku wa manane ili mtambo uboreshwe, na wateja wakaarifiwa mapema. Hilo si aibu. Mhandisi mwaminifu hujua ni badiliko lipi linaloweza kufanywa mchana na ni lipi linalostahili kusubiri wakati ambapo madhara ni machache.

HATARI ZAKE

Wanaosifia mifumo inayobadilika wakati mwingine husahau kutaja gharama zake. Kamusi ya dhana ikiachwa wazi kwa kila mtu, muuguzi wa kliniki moja ataongeza “homa ya mapafu” na mwenzake wa kliniki nyingine ataongeza “nimonia”, na ripoti ya kaunti itahesabu magonjwa mawili. Ndiyo sababu lazima pawe na walinzi wa kamusi. Isitoshe, kutafuta habari katika jedwali lililorundikwa kila kitu huchukua muda mrefu kuliko katika jedwali la kawaida, na ripoti kubwa huhitaji kuandaliwa kando.

Hatari kubwa zaidi ni matoleo mawili kufanya kazi bega kwa bega bila kujuana. Mnamo Agosti 1, 2012, kampuni ya Marekani ya kuuza na kununua hisa, Knight Capital, ilikuwa imeweka programu mpya katika seva saba kati ya nane. Ya nane ilisahaulika. Programu mpya ilitumia alama ambayo katika toleo la zamani ilikuwa na maana nyingine kabisa, na seva ile iliyosahaulika ikaanza kununua na kuuza ovyo. Katika muda wa dakika 45 hivi, kampuni ilipata hasara ya zaidi ya dola milioni 440. Haikuweza kusimama tena peke yake.

Kosa lilikuwa dogo na lingeweza kutokea popote. Kama kliniki moja ingebaki na kanuni ya dawa ya mwaka uliopita huku nyingine zote zikiwa na mpya, hasara isingehesabiwa kwa dola.

Vilevile, hakuna ustadi wa programu unaoshinda kukatika kwa umeme. Usiku wa Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya Kenya iliachwa gizani. Mfumo ulioundwa usizimwe unapaswa pia kuundwa ili uzimikapo ghafla uamke ukiwa na akili zake timamu, ukijua ni kazi ipi iliyokamilika na ipi iliyokatizwa.

MASWALI YA KUMUULIZA MUUZAJI

Shule, chama cha akiba na mikopo au zahanati inayopanga kununua mfumo inaweza kujikinga kwa kuuliza maswali machache. Kwanza, mambo yanayobadilika mara kwa mara, kama vile ada, majina ya maeneo, viwango vya mikopo na aina za dawa, yamewekwa kama data au yamefungwa ndani ya programu? Pili, jambo likiacha kutumika, kumbukumbu zake za zamani zitasomeka? Tatu, toleo jipya likileta madhara, kuna njia ya kurudi katika la awali? Nne, nani ana kibali cha kufanya mabadiliko, na mfumo unahifadhi rekodi ya aliyeyafanya?

Swali la tano ndilo zito kuliko yote: fundi wa kuubadilisha atatoka wapi? OpenMRS ni programu huria, yaani mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuirekebisha bila malipo. Lakini ruhusa pekee haitoshi. Mnamo Januari 2025 serikali ya Marekani ilisitisha misaada yake ya kigeni, na baadaye mwaka huo shirika la USAID, lililokuwa mfadhili mkubwa wa huduma za Ukimwi magharibi mwa Kenya, likafungwa. Pigo la namna hiyo haliishii kwenye dawa. Hugusa pia mishahara ya wanaoingiza data, wanaolinda kamusi na wanaorekebisha programu.

Mfumo uliojengwa vizuri hauangui siku mfadhili anapoondoka. Huendelea kufanya kazi kama ulivyoachwa. Lakini dunia haitabaki ilivyoachwa. Kutakuwa na dawa nyingine, bima nyingine na mwongozo mwingine, na mtu atahitajika kuketi na kuuingiza. Ikiwa mtu huyo yuko Eldoret, Kitale au Bungoma, mgonjwa wa Ndalu hatajua kwamba kuna lolote lililobadilika. Ikiwa hayupo, mfumo uliobuniwa ubadilike utakuwa sawa na ule wa safuwima ulioachwa Mosoriot, hata kama taa zake zinawaka.